Filamu ya mapenzi isiyo na adui

Swali la msomaji wa Morogoro: "Mwalimu, shikamoo. Mimi na mchumba wangu tumeangalia filamu mbili za mwongozaji mmoja, Celine Song: Past Lives na Materialists. Ya kwanza nililia mpaka mwisho. Yeye akasema hiyo si filamu ya mapenzi, maana wahusika wenyewe hata kubusiana hawakubusiana na mwisho kila mtu kashika njia yake. Ya pili kaipenda kwa sababu mwanamume asiye na hela ndiye aliyechaguliwa; mimi ikaniacha mkavu. Tunabishana mpaka leo, na harusi yetu ni mwezi wa kumi. Kati yetu nani kaelewa? Na kuna filamu nyingine za karibuni, za kwetu zikiwemo, zinazoyaonyesha mapenzi yalivyo kweli?"

Marahaba dada, na hongera kwa harusi inayokuja.

Nianze na la nani kaelewa, maana najua ndilo linalosubiriwa. Wewe umeielewa Past Lives, na shemeji kaona jambo la kweli ndani ya Materialists ambalo wewe umelipita haraka. Ila sababu mnazozitoa nyote wawili ni za mwisho wa filamu: nani kabaki na nani, nani kapata busu. Ninapofundisha watu kuandika skripti za mapenzi huwaambia wamtazame mtu mwingine kabisa, yule ambaye hakuchaguliwa. Ukitaka kujua filamu inayaonaje mapenzi, angalia inamfanyia nini huyo.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanayajua maswali mawili ambayo mtu akiingia kachelewa lazima aulize: steringi nani, na adui nani? Kwa filamu ya vita au ya kareti maswali hayo yanatosha. Taabu ni kwamba filamu nyingi za mapenzi nazo zimejengwa hivyo hivyo. Lazima awepo tajiri mwenye dharau, au rafiki wa kike mwenye wivu, au mama mkwe anayekwenda kwa mganga. Huyo adui ana kazi moja kubwa, nayo ni kumsafisha steringi. Akishaonekana mbaya, basi steringi anaweza kuvunja ahadi, kumwacha mtu siku ya harusi, kukimbia na mwingine, na sisi tukapiga makofi. Bongo Movie ya enzi za akina Kanumba na Ray iliitumia sana njia hiyo, na Hollywood imekula kwayo miaka nenda rudi. Sisemi kwamba haifurahishi. Nasema inatuficha jambo zito kuliko yote katika mapenzi: kwamba mara nyingi unayemwacha ni mtu mwema, na huna pa kutupia lawama.

Sasa rudi kwenye Past Lives, ya mwaka 2023. Na Young na Hae Sung ni watoto wa miaka 12 wanaosoma pamoja Seoul. Familia ya msichana inahamia Canada. Miaka 12 baadaye wanatafutana mtandaoni na kuanza kuongea kwa Skype, mmoja New York na mwenzake Seoul, mpaka binti, ambaye sasa anaitwa Nora, anaomba wasimame kwanza. Inapita miaka mingine 12. Nora ameshaolewa na Arthur, mwandishi Mmarekani, na Hae Sung anapanda ndege kuja kumwona.

Ingekuwa filamu ya kawaida, Arthur angekuwa mlevi, au mkali, au walau mtu wa kuchosha. Na mwenyewe analijua hilo! Usiku mmoja wakiwa kitandani anamwambia mkewe kwamba hadithi hii ikisimuliwa, yeye ndiye atakayekuwa yule mume mbaya Mzungu wa Kimarekani anayesimama katikati ya kudra. Hapo hapo anatoa la moyoni. Nora akiota huongea Kikorea, na Arthur anahisi ndani ya mke wake kuna mahali asipoweza kufika. Ndiyo maana akaanza kujifunza lugha ile. Hebu angalia alichokifanya mwandishi. Mtu wa tatu amepewa mdomo, amepewa hofu, amepewa na ucheshi juu. Kuanzia hapo huwezi kumchukia tena. Ukimwombea Nora aondoke na Hae Sung, ujue unamwombea Arthur kilio.

Halafu kuna ile baa, Nora akiwa katikati ya wanaume wawili. Celine Song ameshaeleza kwamba aliwahi kukaa hivyo yeye mwenyewe katika baa ya New York, baina ya mumewe na mvulana aliyempenda utotoni, akiwatafsiria. Katika filamu, Hae Sung anamwambia Nora kitu ambacho nadhani ndicho kilichokuliza: kwamba kwake yeye Nora ni mtu wa kuondoka, lakini kwa Arthur ni mtu wa kubaki. Sijasikia mara nyingi mtu akishindwa kwa heshima namna ile. Hakumtukana aliyempata, wala hakujidai kwamba anampenda zaidi. Ameona kwamba kitu kile kile alichokipenda kwa msichana yule, ile hamu yake ya kwenda mbele, ndicho kilichompeleka mbali naye.

Shemeji analalamika kwamba hakuna busu. Mwambie aiangalie tena dakika ya mwisho, na safari hii aangalie miguu. Nora anamsindikiza Hae Sung mpaka gari litakapompitia, na wanatembea kutoka kulia kwenda kushoto kwa skrini. Wanasimama. Wanatazamana kimya, gari halifiki, na unaona kabisa kwamba mmoja wao akisogea hatua moja tu, maisha ya watu watatu yamebadilika. Hakuna anayesogea. Gari linakuja, linaondoka, na Nora anageuka kurudi nyumbani, sasa akitoka kushoto kwenda kulia, kamera ikimfuata pole pole, mpaka kwenye ngazi za mlangoni ambako Arthur anamsubiri. Hapo ndipo analia, na anayemkumbatia ni mumewe. Mwongozaji mwenyewe ameeleza kwamba upande wa kushoto ni kule kulikopita. Na waigizaji wale, Greta Lee na Teo Yoo, aliwakataza kugusana tangu mwanzo wa mazoezi mpaka siku ya kupiga ile picha ya kukumbatiana mara ya kwanza, ili mikono iwe na ugeni wa kweli. Kwa hiyo mapenzi yamo humo, tena ya aina mbili. Lipo la Hae Sung, lililovuka miaka 24 na bahari. Na lipo la Arthur, anayekaa kwenye ngazi akimsubiri mkewe amalize kumlilia mtu mwingine. Hilo la pili ndilo ambalo filamu nyingi hazina habari nalo, na kwa watu wanaokwenda kuoana mwezi wa kumi ningesema ndilo la kulitazama kwa makini.

Tuje kwa Materialists ya mwaka 2025, na hapa namtetea shemeji kwanza. Lucy kazi yake ni kuwatafutia watu wachumba jijini New York, kwa malipo. Celine Song aliifanya kazi hiyo hiyo kwa miezi kadhaa alipokuwa bado anahangaika na uandishi wa tamthilia, na inaonekana. Wateja wanakuja na orodha: urefu futi kadhaa, mshahara kiasi fulani, umri usizidi hapa, nywele ziwepo. Kwetu shughuli hiyo ina mtu wake, mshenga, ambaye bila shaka kwenu ameshapita na barua ya posa na majibu ya mahari yamesharudi. Tofauti ni kwamba mshenga anauliza ukoo, anauliza tabia, anauliza dini, na akishaulizia hayo anabeba dhamana; ndoa ikiyumba anaitwa. Lucy habebi chochote. Anaoanisha takwimu. Filamu inaona ubaridi wa kazi hiyo, inausema wazi, na kwa hilo naipongeza.

Inasema wazi pia habari ya fedha. Lucy anatamka mshahara wake, dola 80,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Harry, tajiri anayemtaka, ana nyumba ya dola milioni 12. Na John, mpenzi wake wa zamani, ni mwigizaji asiye na kazi ya maana anayehudumia vinywaji kwenye shughuli za watu. Tunarudishwa nyuma siku waliyoachana, wakiadhimisha miaka mitano ya uhusiano, wamekwama kwenye foleni, wanagombana kwa sababu John hataki kulipa dola 25 za maegesho. Lucy anamwambia hataki kumchukia kwa umaskini wake, lakini dakika ile anamchukia. Dada, mimi niliposikia maneno yale nilitulia kitini. Ndoa ngapi unazozijua zimevunjika kwa jambo kubwa? Nyingi zimeliwa na vidola 25 kama hivyo, elfu tano ya luku, nauli, ada. Filamu za mapenzi kwa kawaida zinatuonyesha watu wanaokaa nyumba nzuri bila kujulikana nani analipa kodi. Shemeji ameguswa na hii kwa sababu imemtaja. Kijana anayekusanya mahari na michango ya harusi anajua kabisa namna mtu anavyoweza kupimwa kwa mfuko wake. Usilichukulie hilo kuwa jambo dogo.

Na kuna kitu kimoja kidogo humo ambacho kwangu kinazidi hotuba zote. Mwanzoni, kwenye harusi ya mteja wake, Lucy amekaa meza moja na Harry. Harry anamuuliza atakunywa nini. Anajibu: Coca-Cola na bia. Kabla maneno hayajaisha, mhudumu anaweka mezani Coca-Cola na bia. Ni John. Hajaonana naye siku nyingi, na bado anakumbuka. Mwongozaji amekwishatuambia hapo Lucy ataishia wapi, kwa vinywaji viwili tu.

Sasa kwa nini wewe ikakuacha mkavu? Nadhani kwa sababu ya Harry. Harry si mtu mbaya. Ni mpole, mkarimu, anasikiliza. Filamu ilikuwa na nafasi ya kumfanyia alichofanyiwa Arthur, ikaogopa. Kuna usiku jikoni ambapo siri yake inatoka: alifanyiwa upasuaji wa kurefusha miguu, inchi sita. Lucy anamuuliza zamani alikuwa na kimo gani, naye anakunja magoti taratibu mpaka anafika pale alipokuwa. Pedro Pascal, anayemwigiza Harry, anaigiza vizuri mno pale. Unamwona mvulana aliyedharauliwa ndani ya mwanamume mwenye kila kitu. Halafu? Wanakubaliana kistaarabu kwamba hawapendani, na Harry anatoweka kwenye hadithi kama mzigo uliotuliwa. Amepewa aibu, hakupewa maumivu. Kwa hiyo Lucy anapomchagua John, hajamuumiza mtu, na uchaguzi usiomgharimu mtu yeyote haututikisi. Kibaya zaidi ni habari ya Sophie, mteja wa Lucy aliyeunganishwa na mwanamume ambaye alimdhalilisha. Jambo zito kama lile limetumiwa kama daraja la kumrudisha Lucy kwa John. Sophie alistahili filamu yake. Hapo wewe ulihisi kitu hakijakaa sawa, ila hukukipatia jina.

Wapo waliolalamika mitandaoni kwamba filamu ile inawapamba wanaume mafukara ili wanawake wavumilie dhiki. Siafikiani nao. John hajafichwa kasoro hata moja, na mwandishi anayethubutu kutuonyesha ule ugomvi wa maegesho hampambi mtu. Kosa liko upande wa tajiri, ambaye hakupewa nafasi ya kupoteza kitu.

Kwa kuwa tumezungumzia watu watatu watatu: mume wa Celine Song, Justin Kuritzkes, ndiye aliyeandika Challengers ya mwaka 2024, ya wachezaji tenisi watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Humo mapenzi ni ushindani mtupu na hakuna anayetaka mwenzake aondoke uwanjani. Nyumba moja imetoa majibu mawili tofauti kabisa kwa swali lile lile. Ukiipata iangalie, ila usiangalie na wazazi.

Anyone But You nitaipita haraka. Ilitoka Desemba 2023, iligharimu kama dola milioni 25 na ikaingiza karibu milioni 220 duniani kote, kwa hiyo watu waliihitaji. Chimbuko lake ni tamthilia ya Shakespeare: mwanamume na mwanamke wasioivana wanajifanya wapenzi, huku kila mtu akijua watakapoishia. Wapenzi wao wa zamani nao wapo Sydney, kwenye harusi ambako hadithi inatokea, na kazi yao ni kuchochea wivu tu. Ni filamu ya kucheka Jumamosi jioni, na inacheza vizuri mchezo wake. Ukiitafuta kina utajisumbua.

We Live in Time ya mwaka 2024 ni tofauti, na hii ningependa muiangalie kabla ya harusi. Almut ni mpishi, Tobias anafanya kazi kampuni ya nafaka za kifungua kinywa. Wanakutana pale Almut anapomgonga na gari, naye Tobias alikuwa ametoka hotelini kutafuta kalamu ya kusainia karatasi za talaka. Hadithi haiendi kwa mpangilio. Inaruka kutoka ujauzito hadi ugonjwa hadi siku za mwanzo, maana tangu mapema tunajua Almut ana saratani ya ovari na kwamba imerudi. Hakuna mwanamume mwingine wala mwanamke mwingine. Tobias hashindani na mtu, anashindana na mashindano: Almut anajiandikisha kwa siri kwenye Bocuse d'Or, mashindano makubwa ya wapishi duniani, huku akiwa kwenye matibabu. Tobias anapogundua anaumia, na ana haki ya kuumia. Siku zilizobaki ni chache na mwenzake anazipeleka jikoni. Almut naye anataka mtoto wao aje amkumbuke kwa kitu alichokiweza, asibaki kuwa mama aliyeugua tu.

Ugomvi ule nimeutazama zaidi ya mara moja na bado siwezi kusema nani ana haki. Ndio ugomvi wa watu waliooana: wawili wanaopendana, kila mmoja anataka jambo jema, na mambo hayo hayawezi kukaa chumba kimoja. Filamu ina mahali pa kulegea, na muziki mara nyingine unatusukuma tulie kabla hatujawa tayari. Lakini kuna Almut akimfundisha Tobias kuvunja yai, kwamba uligonge juu ya kitu bapa, usiligonge ukingoni. Baadaye, akiwa hayupo tena, Tobias anamfundisha mtoto wao vivyo hivyo. Hakuna aliyetamka neno kupenda pale.

Sasa za kwetu, na hapa nitataja moja tu kwa sababu inanikaa moyoni: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Chimbuko lake ni riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambayo wengi waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanaikumbuka. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi anayekimbia ndoa aliyochaguliwa, anapokewa na Mwajuma, anampenda Denge, kijana Mwafrika aliyejitosa kwenye harakati za uhuru na ambaye polisi hawamwachi apumue.

Waliosoma riwaya wanamkumbuka Bwana Raza, mume aliyepewa Yasmin akiwa na miaka 15 naye ameshapita 50. Shafi angeweza kumfanya mnyama. Hakufanya hivyo. Raza anampenda yule binti kwa namna anavyojua yeye, anambembeleza, anataka kumridhisha, na kadiri anavyojitahidi ndivyo Yasmin anavyozidi kubanwa pumzi. Ubaya uko kwenye mpango mzima ulioona ni sawa kumwoza mtoto kwa mtu wa umri wa baba yake, na kwenye jamii iliyomfungia milango alipotoroka. Kisha anakuja Denge, anayependwa kweli, na Denge hana nyumba ya kumpa, hana usiku wa uhakika, hana hata ahadi ya kesho. Mpinzani wa Yasmin ni mapambano yenyewe, na huwezi kuyachukia mapambano yale. Filamu imechukua sehemu tu ya riwaya na kuipa mwendo wa taratibu. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, wanaowaigiza Yasmin na Denge, wanaongea kwa macho kuliko kwa mdomo, na vichochoro vya Mji Mkongwe usiku vimepigwa picha kwa namna ambayo mapenzi na hatari vinakaa kwenye kivuli kimoja. Wapo wanaosema ni nzito na inakwenda pole. Ni kweli inakwenda pole. Nawashauri muivumilie nusu saa ya kwanza.

Umeuliza ipi inayaonyesha mapenzi yalivyo kweli. Kama ni lazima nichague kati ya hizi, nachagua Past Lives kwa ajili ya Arthur, na We Live in Time kwa ajili ya ule ugomvi. Shemeji mwachie Materialists yake. Ila muombe akueleze, bila kubishana, ni wapi hasa ilimgusa. Nahisi atakutajia ule usiku wa foleni na dola 25, na mkishafika hapo mtakuwa mmeshaacha kuzungumzia filamu. Vuta N'kuvute muianze mapema jioni, simu zikiwa mbali.